Werevu, Fimbo na Alama za Mtihani: Kuisoma Upya Makala ya Ethel Albert

Mwanzoni mwa muhula wanafunzi watatu wa idara yetu waliniletea karatasi mbili zilizopigwa chapa. Walikuwa wametafsiri wenyewe kutoka Kiingereza masharti ya kujiunga na Phi Sigma Tau, chama cha kuwatunuku wanafunzi bora wa falsafa kilichoanzishwa mwaka 1930 katika chuo cha Muhlenberg, jimbo la Pennsylvania, na ambacho matawi yake yamo katika vyuo vikuu vingi vya Marekani. Herufi hizo tatu za Kigiriki zinasimamia upendo, hekima na heshima. Wanafunzi hao walitaka kuunda kitu cha namna hiyo hapa Bujumbura, chenye kuendesha mijadala yake kwa Kiswahili, na walinijia kwa sababu ndogo tu: hawakujua wakiite nini. "Chama cha heshima" kiliwachekesha, kwa sababu anayesikia jina hilo atadhani watu wanakutana kufundishana adabu. "Chama cha watukufu" nacho kilinukia kanisani.

Nilikaa na karatasi zile siku nyingi kuliko nilivyowaahidi. Jina halikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni masharti yenyewe. Ili mwanafunzi aingizwe, awe amemaliza mihula mitatu, awe ndani ya asilimia 35 ya juu ya darasa lake, awe amesoma angalau kozi mbili za falsafa, na wastani wake katika kozi hizo upite daraja la pili kutoka juu. Ni masharti ya wazi. Karani wa ofisi ya mitihani anaweza kuyathibitisha kwa dakika tano bila kumwona mwanafunzi mwenyewe. Na hapo ndipo nilipokwama: hakuna hata sharti moja linalouliza kama mtu huyo amewahi kusikika akisema neno mbele ya wenzake. Katika nchi hii, kumpa mtu heshima ya hekima bila kumsikia akizungumza ni jambo geni kabisa. Basi nikaifungua tena makala moja ya zamani ambayo kwa maoni yangu kila mwalimu wa lugha nchini Burundi anapaswa kuisoma, na kisha kugombana nayo.

Makala hiyo ni ya Ethel M. Albert, Mmarekani aliyesomea falsafa kabla ya kugeukia anthropolojia. Alifanya utafiti wake Burundi kati ya 1955 na 1957, nchi ingali chini ya Wabelgiji, na makala yake kuhusu balagha, mantiki na ushairi wa Warundi ilitoka mwaka 1964 katika toleo maalumu la jarida la American Anthropologist lililohaririwa na John Gumperz na Dell Hymes. Toleo hilo ni miongoni mwa yale yaliyofungua uwanja wa ethnografia ya mawasiliano, ambao wanafunzi wetu wa isimujamii huufahamu zaidi kwa jina la Hymes. Ni vizuri wajue kwamba Burundi ilikuwamo tangu siku za mwanzo, tena si kwa kutajwa pembeni.

Ubora wa Albert ni masikio yake. Hasemi tu kwamba Warundi wanathamini usemaji, jambo ambalo kila mgeni hulisema baada ya wiki moja. Anaonyesha jinsi thamani hiyo inavyofundishwa na nani anafundishwa nini. Watoto wa kiume wa koo za juu, anaeleza, walianza kufundwa wakiwa na umri wa miaka kumi hivi: kutunga maneno ya sifa, kuomba zawadi kwa mkubwa, kujitetea wanaposhutumiwa, kuitawala sauti na mikono. Wasichana wa koo hizo nao walifundwa, lakini kwa upande mwingine wa usemaji: kunyamaza kwa ustadi, kukwepa swali bila kulikataa, na kusikiliza kwa makini kiasi cha kuweza kurudia karibu yote aliyoyasema mgeni. Naomba msomaji aiweke hii akilini, maana itarudi mwishoni kwa namna ambayo sikuitarajia.

Kisha kuna utaratibu wa zamu. Mkubwa kwa umri na cheo huanza. Mdogo akipata nafasi, hufungua kwa kukubali: aliyetangulia amesema kweli, ni mkubwa, anajua zaidi. Baada ya hapo, hatua kwa hatua, anaweza kufika mahali palipo kinyume kabisa na alikoanzia mkubwa wake, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Walimu wenzangu mtakuwa mmeshaitambua sura hiyo. Ndiyo insha tunayoisahihisha kila mwezi kwa wino mwekundu tukiandika pembeni "unajipinga". Pengine mara nyingine mwanafunzi hajipingi. Anapanda ngazi aliyofundishwa nyumbani, nasi tunamhukumu kwa ngazi ya kitabu cha Kifaransa.

Sehemu iliyonishika zaidi ni fupi. Albert anaeleza kwamba mkulima wa hali ya chini, hata awe na akili kali na ulimi mwepesi, alitakiwa mbele ya mkubwa aseme vibaya: agugumie, apayuke, akose mpangilio. Mtu huyohuyo akirudi kwa wenzake, au akiketi kati ya wanawe, husema kwa utulivu na mantiki. Kugugumia kwake hakukuwa upungufu. Kulikuwa sehemu ya adabu ya usemaji, nayo ilibidi ajifunze.

Niliposoma hapo nilimkumbuka mwanafunzi mmoja, mtoto wa Buyenzi. Darasani, nikimwelekezea swali, husimama, huangalia dirisha na kusema: "Samahani Mwalimu, Kiswahili changu ni kibovu." Huketi. Siku moja jioni nilimkuta kituo cha basi akiwa katikati ya ugomvi wa wenzake wawili. Mmoja alikuwa amemuuzia mwenzake simu iliyokufa baada ya siku mbili, na alikuwa akiapa kwamba hakujua ubovu wake. Kijana wangu alimkata kwa swali moja: "Hukujua, ao hukutaka kujua?" Kisha akaanza kuwachambulia. Asiyejua hana kosa lakini ana deni. Asiyetaka kujua ana vyote viwili. Na aliyenunua kwa bei ya chini kupita kiasi naye aulizwe alidhani ananunua nini. Ilichukua karibu nusu saa, basi mbili zikapita, na hakuna aliyeondoka. Hiyo "ao" yake, ambayo ni ya Bujumbura na ya ng'ambo ya ziwa, ningemkatia alama kwenye mtihani. Kwa wastani alio nao hatakaribia asilimia 35 ya juu.

Albert angemsikia kijana huyo. Daftari la alama halimsikii. Kwa hilo peke yake makala yake inastahili kusomwa katika chuo chochote kinachotaka kuheshimu fikra.

Lakini nilisema tugombane naye pia. Neno analolizungushia hoja yake ni ubwenge, ambalo yeye analiandika kwa tahajia ya zama zake, ubgenge. Anasema neno hilo linamfaa mwamuzi aliyekata shauri gumu, na linamfaa vilevile tapeli aliyefanikiwa; kinachopimwa ni kufaulu kwa akili na ulimi. Wanafunzi wa tafsiri wajaribu kulileta neno hilo katika Kiswahili waone lilivyo zito. Ukisema "akili" umeliacha jangwani. Ukisema "hekima" umelipandisha mno, na "ujanja" umelishusha mno. "Werevu" linakaribia, kwa kuwa sungura wa hadithi zetu ni mwerevu hata pale anapodhulumu. Kutokana na neno hilo, na kutokana na mazungumzo aliyoyaona, Albert anafikia hitimisho kwamba katika usemaji wa Kirundi ufaafu na uzuri wa maneno hutangulia, na ukweli wa maneno hufuata nyuma.

Nakubali kwamba aliona alichokiona. Nakataa kwamba aliona mahali pote. Uzito wa makala uko katika kuomba na kujitetea: mtu mdogo mbele ya mkubwa, anataka ng'ombe, shamba, msamaha. Mahali hapo ukweli haukuitwa. Hata leo, ndugu msomaji, ukiandika barua ya kuomba kazi unajua mwenyewe ni kipi unachokitanguliza. Huwezi kupima nafasi ya ukweli katika lugha ya watu kwa kusikiliza maombi yao tu, kama usivyoweza kuipima kwa kusikiliza maneno ya mahari.

Kuna mahali pengine, na Warundi wana jina lake: ubushingantahe. Wasomaji wetu kutoka nje wataniwia radhi nikieleza kidogo. Mushingantahe ni mtu aliyekubaliwa na majirani zake wa mlimani kuwa mwamuzi na mpatanishi, na jina lake limetokana na gushinga, yaani kuchomeka kitu kikasimama, na intahe, fimbo ambayo hupigwa chini katika kikao cha kuamua. Mtu hajiandikishi. Huangaliwa kwa muda mrefu: anavyotunza nyumba yake, anavyonena akiwa amelewa na akiwa hajalewa, anavyosema juu ya asiyekuwapo. Jirani akiwa na neno la kumpinga, hulisema. Ndipo huandaliwa sherehe, pombe ikaletwa, akala kiapo mbele ya wote. Kirundi huita tendo hilo kwatirwa. Kiswahili chetu kina neno linalolifaa kuliko yote niliyoyaona katika tafsiri za Kifaransa, nalo ni kusimikwa. Nguzo husimikwa, na kiongozi naye husimikwa. Mushingantahe basi ni msimika fimbo ambaye yeye mwenyewe amesimikwa. Sikumbuki lugha nyingine niliyoisoma inayobeba pande zote mbili kwa kitenzi kimoja namna hiyo.

Hapa tuna jumuiya ya heshima iliyokuwapo karne kadhaa kabla ya Pennsylvania, na sharti lake la kwanza ni lile hasa ambalo Albert analiweka nyuma: kusema kweli mahali ambapo kweli inamgharimu msemaji. Kazi za Padri Adrien Ntabona na za mwanaisimu Philippe Ntahombaye zimeeleza jambo hilo kwa kina, na anayesoma Albert asiache kuzisoma. Sitaki lakini kuchora picha ya peponi. Batwa waliachwa nje ya heshima hiyo. Mwanamke aliishiriki kupitia mume wake. Wakoloni waliwageuza baadhi ya bashingantahe kuwa wasaidizi wao, na baada ya uhuru wa 1962 wanasiasa nao walijitengenezea wa kwao, watu waliopewa fimbo bila kuangaliwa na jirani yeyote. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka ubushingantahe urejeshewe hadhi yake, na huwezi kukirejesha ambacho hakikupotea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa mwalimu wa Kiswahili mjini Bujumbura haliepukiki, ingawa huwa hatuliandiki. Katika Kirundi cha mitaani, kinyume cha mushingantahe kimewahi kuwa na jina, na jina hilo ni umuswahili. Anayelitumia neno hilo mara nyingi hasemi juu ya dini ya mtu wala mtaa wake. Anasema kwamba maneno yake hayashikiki. Chanzo chake si fumbo. Kiswahili kiliingia Usumbura kwa midomo ya wafanyabiashara, askari na makarani waliotoka Ujiji, Manyema na pwani, kikawa lugha ya soko na ya kambi, na Wabelgiji wakaitenga Buyenzi kuwa mtaa wa watu hao. Kwa mtu wa mlimani, hiyo ilikuwa lugha ya mahali ambapo hakuna jirani wa kukuangalia miaka kumi na mitano kabla ya kukuamini. Mlimani mtu husimikwa. Mjini hupita njia. Ndivyo lugha nzima ilivyobandikwa ubwenge wa upande wa tapeli.

Kwa hiyo wanafunzi watatu wanapotaka kuunda jumuiya ya kuheshimu hekima, hapa, kwa Kiswahili, wanafanya jambo kubwa kuliko wanavyodhani. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu hapo Kiswahili kimetetewa kwa hoja ya biashara na ajira. Ni hoja nzuri, lakini inatuacha palepale sokoni. Wao wanataka kukipeleka penye fimbo. Na ikiwa mlango wa kuingilia ni alama za mtihani wetu, basi kijana wa kituo cha basi, ambaye Kiswahili ni chake tangu tumboni, atabaki nje akiomba msamaha kwa ubovu wa lugha ya mama yake, na ndani watakaa waliokikuta darasani.

Labda mtu ataniuliza kama hakuna aliyejaribu njia ya tatu. Yuko, na ni jirani. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alizunguka vijijini Kenya akihoji wazee, na katika kitabu chake Sage Philosophy cha mwaka 1990 akawagawa mafungu mawili: wenye busara ya kuhifadhi yale jamii iliyokwisha kuyasema, na wenye busara ya kifalsafa, ambao huyachunguza na kuyapinga inapobidi. Hiyo nayo ni orodha ya heshima, na kigezo chake ni kizuri kuliko wastani wa alama, kwa kuwa kinamtaka mtu asikike akifikiri. Lakini mlinzi wa mlango ni profesa peke yake. Mzee hakuhojiwa na majirani zake. Tena mazungumzo yaliyofanyika kwa lugha za wazee yalichapishwa kwa Kiingereza, hivyo wajukuu wao hawana njia ya kukagua kama babu alisema hivyo. Mimi huwaambia wanafunzi wa isimu kwamba kitabu kile ni hazina iliyofungwa kwa kufuli la tafsiri.

Kama ningetakiwa kuchagua mfano mmoja wa Kiswahili, ningekwenda Mombasa, kwenye mabaraza ya Mji wa Kale ambayo Kai Kresse aliyaandikia kitabu mwaka 2007. Pale wanafikra kama Sheikh Abdilahi Nassir na mshairi Ahmad Nassir wametoa hoja zao mbele ya watu wanaowajua tangu utoto, kwa Kiswahili kisichoomba radhi. Mtu akipotoka, jirani yake yupo barazani kumwambia. Kitabu hicho kiko kwa Kiingereza pia, lakini kinaonyesha vya kutosha kwamba lugha iliyoitwa hapa lugha ya wasioshikika imekuwa kwingine lugha ya watu wanaoshikana maneno kila jioni.

Niliwaita wale watatu nikawapa maoni yangu. Niliwaambia wafute sharti la alama. Mahali pake waandike kwamba anayetaka kuingia atatoa hoja mbele ya wenzake mara tatu katika muhula, kwa Kiswahili chochote alicho nacho, na kwamba mara ya tatu atatakiwa kujibu pingamizi kutoka kwa mtu aliyemzidi umri. Niliona nimesema neno la maana. Wavulana wawili walitikisa vichwa. Wa tatu, ambaye ni msichana, alianza kama Albert alivyoandika: Mwalimu amesema vizuri, Mwalimu ameona mbali. Kisha akashuka ngazi.

"Lakini Mwalimu, alama hazijui kama mimi ni msichana. Hao watakaokaa kunisikiliza watajua."

Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa ninaloliandika hapa si jibu kamili. Hoja yangu yote imetukuza kusikika. Nilisahau kwamba katika makala ileile niliyoisifu, nusu ya watoto wanafundwa wasisikike. Mtihani, pamoja na uziwi wake wote, hausikii sauti nyembamba wala hauoni kitambaa cha kichwani. Msichana huyu aliingia chuoni kwa karatasi, na kama zamani zile wangetakiwa majirani wamsimamie, sijui nani angemtangulia. Bashingantahe wa kale wasingemsimika. Profesa wa Nairobi pengine angepita nyumbani kwao akamuulizia babu yake.

Nilimuuliza basi yeye angeandika nini. Alisema angeacha njia mbili: anayetaka aingie kwa alama, anayetaka aingie kwa kusikika, lakini hakuna anayebaki ndani zaidi ya mwaka mmoja bila kupita njia ya pili. Mmoja wa wavulana alipinga hapohapo kwamba hiyo ni kumpa mtu heshima ya mkopo. Wakaanza kubishana, na nikagundua kwamba wamesahau kunipa zamu.

Hadi toleo hili linakwenda mitamboni, karatasi zao ziko bado mezani kwangu. Mstari wa asilimia 35 umefutwa kwa kalamu ya risasi na kurudishwa mara mbili, kwa miandiko miwili tofauti. Pembeni mtu ameandika neno "kusimikwa" na kulipigia mstari. Jina la chama bado halijapatikana. Wamekubaliana kukutana tena Alhamisi saa kumi, chini ya mwembe ulio nyuma ya jengo letu, na nimemtuma msichana yule amwambie kijana wa Buyenzi aje na kesi ya simu.